Maziwa ya matunda: kinywaji kitamu kinachoanzia kwenye sufuria ya moto



Wengi wenu mnapokwenda Kigali kwa matibabu, kwa masomo au kuwatembelea jamaa, mmekwisha kuona vijiduka vinavyouza maziwa tu. Mteja huingia, huagiza kikombe cha maziwa ya moto au cha ikivuguto, hukaa kwenye benchi na andazi lake, hunywa na kwenda zake. Katika migahawa ya Nyamirambo na Kimironko utakuta pia kinywaji kingine ambacho vijana wanakipenda sana, yaani maziwa yaliyosagwa pamoja na matunda. Wengine hukiita milksheki. Sisi katika makala hii tutakiita maziwa ya matunda.

Wakazi wengi wa kambi wangependa kujua kama kinywaji hiki kinaweza kutengenezwa nyumbani, bila umeme wa kutosha, bila friji na bila mashine ya kusagia. Jibu ni ndiyo. Kinahitaji maziwa, matunda mabivu, uma na chombo chenye kifuniko. Kinatia nguvu, kinaburudisha wakati wa jua kali, na hata mtoto asiyependa kula hukipokea kwa furaha.

Lakini kuna jambo moja ambalo tunaomba kila mmoja alielewe kabla ya kuanza. Maharagwe, ugali na mboga hupita motoni mwishoni, na moto huua vijidudu vilivyoingia wakati wa kutayarisha. Maziwa ya matunda hayapiti motoni tena baada ya kuchanganywa. Uchafu wowote uliomo katika maziwa, katika maji, kwenye kisu au mikononi mwa mtayarishaji utaingia moja kwa moja tumboni. Kwa hiyo usalama wote wa kinywaji hiki unatengenezwa kabla, na sehemu kubwa unatengenezwa kwenye sufuria ya maziwa.

KWA NINI TUNASISITIZA KUCHEMSHA MAZIWA

Wengi katika kambi zetu za Rwanda wametoka Masisi, Rutshuru na sehemu nyingine za Kivu, nchi ya malisho na ng'ombe. Tunajua kwamba kwa wafugaji wengi maziwa mabichi ni heshima, na wapo wazee walioamini kuwa kuchemsha maziwa kunamdhuru ng'ombe mwenyewe. Hatuwadharau wazee wetu. Tunaomba tu tutazame jinsi hali ilivyobadilika.

Zamani mtu alikunywa maziwa ya ng'ombe wake. Alimjua kwa jina, alijua kama ameugua au ametupa mimba. Leo maziwa mengi unayonunua mjini au sokoni yametoka kwa wafugaji wengi na kumiminwa katika chombo kimoja. Tangu mpango wa Girinka uanzishwe mwaka 2006, ambao hugawa ng'ombe kwa familia maskini, nyumba nyingi za Rwanda zimepata maziwa, na hilo ni jambo jema. Lakini maziwa yakishachanganywa, ng'ombe mmoja mgonjwa anatosha kuchafua maziwa ya ng'ombe ishirini walio wazima. Mnywaji hana njia ya kujua kwa kutazama, kwa kunusa wala kwa kuonja.

Magonjwa yanayoweza kupita katika maziwa mabichi ni haya:

1. Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao waganga huuita bruselosi. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Wagonjwa wengi hudhani ni malaria na hutumia dawa za malaria bila kupona.

2. Kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho kwa binadamu kinaweza kuvimbisha tezi za shingo au kushambulia tumbo na sehemu nyingine za mwili.

3. Kuhara na kutapika, kunakoletwa na vijidudu vilivyotoka kwenye kinyesi, kwenye chuchu za ng'ombe au kwenye chombo kichafu. Kwa mtoto mdogo hatari hii ndiyo ya haraka kuliko zote.

Vijidudu hivi vyote hufa maziwa yakichemshwa vizuri. Lakini kugandisha maziwa hakuviui vyote. Ikivuguto kilichotengenezwa kwa maziwa mabichi hakitoshi kukulinda, kwa sababu uchachu peke yake hauwezi kutegemewa kuua vijidudu vya bruselosi na kifua kikuu. Barafu nayo haiui. Barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu ni maji machafu yaliyoganda.

JINSI YA KUCHEMSHA NA KUPOZA

Nunua maziwa mahali safi, na uende na chombo chako chenye kifuniko. Chombo cha chuma ni bora kuliko jerikeni ya plastiki. Jerikeni ina mdomo mwembamba, mkono hauingii kuisugua, na masalio ya maziwa hubaki kwenye pembe na mikwaruzo yakizalisha vijidudu.

Weka maziwa motoni mara ufikapo nyumbani, usingoje jioni. Koroga mara kwa mara. Povu likipanda, usidhani kazi imekwisha, kwa maana povu linaweza kupanda kabla maziwa yote hayajapata moto sawasawa. Punguza moto, koroga, kisha yaache yaendelee kutokota dakika 1 au 2. Kwa wanaoishi kwenye milima mirefu tunashauri dakika 3, kwa sababu huko juu maji na maziwa hutokota moto ukiwa mdogo zaidi kuliko kule chini.

Kuokoa kuni, mkaa au gesi, chemsha maziwa mara tu unapomaliza kupika chakula, jiko likiwa bado na moto.

Kisha funika sufuria na uiweke ndani ya beseni lenye maji baridi, maji yasifike kwenye mdomo wa sufuria. Maji yakipata joto, yabadilishe. Usiyamwage, yatafaa kufua au kuosha sakafu. Maziwa yatapoa haraka zaidi kuliko ukiyaacha mezani. Usiyapoze kwa kuongeza maji mabichi wala kwa kuyamimina mara kwa mara kutoka kikombe hadi kikombe.

Maziwa ya pakiti yaliyotengenezwa kiwandani yamekwisha kupita motoni. Hayahitaji kuchemshwa kama pakiti ni nzima na tarehe yake haijapita. Lakini yakishafunguliwa yanaharibika kama maziwa mengine. Maziwa ya unga yachanganywe na maji yaliyochemshwa, na unga upimwe kama ilivyoandikwa kwenye kopo.

MATUNDA NA TABIA ZAKE NDANI YA MAZIWA

Siyo kila tunda hupatana na maziwa kwa namna ileile. Watu wengi wamemwaga kinywaji wakidhani maziwa yalikuwa mabovu, kumbe ni tabia ya tunda.

Ndizi mbivu. Ndizi ndogo tamu ambazo Rwanda wanaziita kamaramasenge ndizo rahisi kuliko zote. Zinapondeka kwa uma, zinafanya kinywaji kiwe kizito, na utamu wake unaondoa haja ya sukari.

Parachichi, au avoka. Lina mafuta mazuri na linashibisha. Linafaa kwa mzee aliyepungua uzito na kwa mtu anayepata nafuu baada ya ugonjwa. Linabadilika kuwa jeusi haraka, kwa hiyo likate mwisho.

Embe na papai. Rangi yake ya manjano ni ishara ya kwamba yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Lakini papai bichi au lisiloiva vizuri lina nguvu ya kuvunja maziwa na kuleta uchungu. Tumia lililoiva kabisa, na unywe papo hapo.

Nanasi. Katika Mkoa wa Mashariki, ambako iko kambi ya Mahama, nanasi hulimwa kwa wingi. Nanasi bichi lililotiwa katika maziwa huyafanya machungu baada ya muda mfupi, kwa sababu lina nguvu kama ile ya papai. Dawa yake ni moto. Kata vipande vidogo, vichemshe kwa maji kidogo dakika 5, viache vipoe, ndipo uchanganye.

Marakuja. Katika masoko ya Kigali ukisema “amatunda” muuzaji atakupa marakuja, maana ndilo jina lake kwa Kinyarwanda. Ukali wake hukatisha maziwa na kufanya mabonge. Hayo siyo maziwa yaliyooza, ila hayapendezi. Marakuja hupatana zaidi na ikivuguto, ambacho tayari ni kikali. Ndivyo ilivyo pia kwa ibinyomoro, yale matunda mekundu yenye umbo la yai.

MATAYARISHO YA MIKONO NA VYOMBO

Nawa mikono kwa maji na sabuni. Osha matunda yakiwa na maganda yake kwa maji safi, hata kama utayamenya. Kisu kinapopita kwenye ganda chafu huingiza uchafu huo ndani ya tunda. Kata sehemu zilizooza, na tunda lililooza sana litupe.

Kama unatia maji, yawe yamechemshwa, au yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiriwa dakika 30.

Osha chombo na kifuniko chake kwa sabuni, suuza kwa maji safi, kisha kianike juani kikauke. Anayetumia mashine ya kusagia afungue kisu cha chini na kukiosha kila mara. Mabaki ya ndizi na maziwa yaliyofichika chini ya kisu huoza usiku mmoja na kuharibu kinywaji cha kesho.

AINA TATU ZA KUTENGENEZA NYUMBANI

A. Maziwa ya ndizi na embe (vikombe 4)

Vitu: maziwa nusu lita yaliyochemshwa na kupoa, ndizi ndogo mbivu 3, embe bivu 1 au kipande cha papai lililoiva kabisa.

Menya matunda, yakate vipande vidogo katika bakuli. Yaponde kwa uma au kwa mchi safi mpaka yawe laini kama uji. Tia maziwa kidogo, koroga mpaka mabonge yaishe, kisha tia yaliyobaki. Mimina katika chombo chenye kifuniko kinachokaza, usikijaze hadi juu, acha theluthi moja wazi. Funga na utikise kwa nguvu kwa muda wa dakika moja. Povu litapanda kama lile la mashine. Embe likiwa na nyuzi, pitisha kwenye chujio.

B. Maziwa ya avoka (vikombe 3)

Vitu: avoka 1 la wastani, bivu, maziwa nusu lita yaliyochemshwa na kupoa, sukari kijiko kimoja cha chai au viwili, ukipenda, matone machache ya limau.

Ponda avoka kwa uma pamoja na sukari. Ongeza maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Limau litiwe mwisho, matone tu. Likizidi litakatisha maziwa.

C. Ikivuguto cha marakuja (vikombe 4)

Vitu: ikivuguto nusu lita, marakuja 4, ndizi 1 mbivu, sukari vijiko viwili vya chai.

Kata marakuja, toa maji na mbegu kwa kijiko, chuja. Ponda ndizi pamoja na sukari. Changanya vyote na utikise.

Kama unatengeneza ikivuguto mwenyewe, anza na maziwa yaliyochemshwa. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia vijiko vichache vya ikivuguto kizuri cha jana kilichotoka kwenye maziwa yaliyochemshwa pia, funika, na uache mahali patulivu mpaka siku inayofuata. Mtu mzima ambaye maziwa ya kawaida humjaza gesi au kumharisha, mara nyingi huvumilia ikivuguto vizuri zaidi.

Jihadhari: usitie unga wa SOSOMA au wa mgao ambao haujapikwa ndani ya kinywaji hiki. Unga huo umetengenezwa ili upikwe uji.

SAA 2 TU

Tengeneza kiasi kitakachomalizwa na familia kwa mara moja. Bila friji, kinywaji hiki kisikae zaidi ya saa 2 tangu kilipochanganywa, na siku za joto kali kisifike hata saa moja. Baada ya hapo vijidudu vichache vilivyoingia vinakuwa vingi mno. Kukichemsha upya siyo dawa, maana kuna sumu za vijidudu ambazo moto hauziondoi. Kinachobaki kimwagwe, ingawa roho inauma.

Kukipoza bila friji kunawezekana. Weka maziwa yaliyochemshwa, yakiwa bado hayajachanganywa, katika chombo kilichofunikwa. Kizungushie kitambaa kilicholowa maji na ukiweke kivulini penye upepo. Maji yanapokauka kwenye kitambaa huondoka na joto. Hii huleta ubaridi wa kupendeza, lakini haifanyi kazi ya friji. Kwa hiyo zile saa 2 zinabaki palepale.

NANI ANYWE NA NANI ASUBIRI

Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe. Maziwa ya mama yanamtosha kwa chakula na kwa kiu, hata jua likiwa kali. Baada ya miezi 6 aanzishiwe uji na vyakula laini, pamoja na matunda yaliyopondwa, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kinywaji hiki kisubiri mpaka atimize mwaka 1, na kisitiwe asali kamwe kabla ya umri huo. Apewe kwa kikombe, siyo kwa chupa yenye chuchu, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha.

Mama mjamzito anaweza kunywa, mradi maziwa yamechemshwa. Kwake maziwa mabichi ni hatari zaidi, maana baadhi ya vijidudu vyake vinaweza kuharibu mimba. Vidonge vya kuongeza damu asivimeze pamoja na maziwa wala chai, kwa sababu vinazuia dawa isiingie vizuri mwilini. Avimeze kwa maji, saa nyingine.

Mwenye kisukari asitie sukari, apunguze ndizi na embe, na azungumze na muuguzi wake.

Mtoto anayehara asipewe maziwa ya matunda badala ya ORS. Hili tunalisema kwa mkazo. Baadhi ya wazazi wanaona mtoto amelegea, wanampa kinywaji kitamu wakitumaini atapata nguvu. Utamu mwingi unaweza kuongeza kuhara, na maji na chumvi alivyopoteza havirudi. Mpe ORS kutoka kituo cha afya. Kama haipo karibu, chukua lita 1 ya maji safi, tia sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, koroga na umpe kidogo kidogo. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umpeleke kituoni ambako atapewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

KIMBIA KITUO CHA AFYA UKIONA HAYA

- Mtoto hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu.
- Macho yameingia ndani, amelegea sana au haamki vizuri.
- Kuna damu katika choo.
- Amepata degedege.

Na kwa mtu mzima: homa inayokuja na kuondoka kwa wiki 2 au zaidi, jasho la usiku, maumivu ya viungo, au tezi za shingo zilizovimba. Ukifika kituoni, mwambie muuguzi waziwazi kama umekuwa ukinywa maziwa mabichi au kufanya kazi na ng'ombe. Usione haya. Neno hilo moja linaweza kumwongoza kwenye kipimo kinachofaa, badala ya wewe kurudishwa na dawa za malaria mara ya tatu.

KWA VIJANA WANAOTAKA KUUZA

Tumesikia kwamba baadhi ya vijana wangependa kufanya biashara hii ndogo kambini. Ni wazo zuri, ila mwuzaji anabeba afya ya majirani zake. Chemsha maziwa yote asubuhi, changanya kikombe kwa kikombe mteja anapofika, na usichanganye ndoo nzima ya kungojea wateja. Vikombe vioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji safi, si kuchovywa katika beseni moja tangu asubuhi. Anayehara au mwenye kidonda mkononi apumzike siku hiyo. Barafu usiweke kama hujui maji yake yametoka wapi.

KUMBUKA

1. Chemsha maziwa, hata kama yametoka kwa ng'ombe unayemwamini.
2. Osha mikono, matunda, kisu na chombo.
3. Nanasi lipite motoni, marakuja liende na ikivuguto.
4. Changanya kidogo, nywa mara moja, saa 2 zisipite.
5. Mtoto anayehara ni ORS na kituo cha afya, siyo maziwa ya matunda.

Mwenye swali amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, au aulize kwenye kituo cha afya siku ya kliniki ya watoto. Msomee makala hii na jirani asiyejua kusoma.